Samaki Wamehamia Jikoni

Jumapili, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na Kaka kaja nayo. Hakupiga simu. Nimefungua mlango nikamkuta amelowa chapachapa, kakumbatia mfuko wa nailoni uliojaa maji, na ndani ya mfuko samaki wa rangi ya fedha wanazunguka wakigongana.

"Baba, nimekuletea wageni!"

Baba alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, mbele ya tangi la kioo. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana hajatamka neno. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelala. Daktari alisema anahitaji utulivu na kitu cha kupumzisha macho, ndipo Kaka akanunua tangi, akalijaza samaki, kisha akarudi mjini kwake na kuniachia mimi kazi ya kuwalisha, kusugua kioo na kubadilisha maji. Sikulalamika. Baba anawatazama kutwa, nami nikiwa kazini roho yangu inatulia kwamba hayuko peke yake.

"Usiwamwage humo," nilimwambia Kaka. "Muuza samaki alisema wapya watengwe kwanza, waangaliwe kama wana ugonjwa."

"We naye! Samaki wawekwe karantini wamefanya nini?"

Akauchana mfuko kwa meno, akawamimina tangini. Baba akatabasamu kwa ule upande wa uso unaomtii. Nikafunga mdomo. Nani anataka kuwa mkorofi mbele ya tabasamu lile?

Kaka alingoja mpaka yuko mlangoni, viatu keshavaa, ndipo akasema: "Mvua zikiisha nitakuja kumchukua Baba akakae kwangu. Wewe unashinda kazini, yeye anashinda na vioo. Si maisha hayo."

Kumbe samaki walikuwa asali ya kunimezeshea dawa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Wageni wanakula vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Lenzi ya miwani ya mteja imenipasukia kwenye mashine ya kusagia, na bosi kaninunia mpaka tunafunga duka. Nimefika nyumbani kichwa kinaniuma, nikamkuta Redio bado yuko jikoni kwetu.

Redio ni jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima, mjane. Mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mimi nikiwa kazini ndiye anayemlisha Baba chakula cha mchana na kumsaidia kwenda msalani. Ni wema mkubwa, nakiri. Lakini akimaliza haendi kwake. Anabaki jikoni anaongea: na simu, na sufuria, na mvua. Sauti inapenya ukuta. Mimi ndiyo maana nafunga mlango wa sebule.

"Mama," nilimwambia leo, kwa adabu, "daktari alisema utulivu."

"Kwani mimi nimemgusa mzee? Naongea na sufuria miye."

Jumapili, 10 Machi

Hakimu anajisugua kwenye mawe. Hakimu ndiye mkubwa wao, wa rangi ya chungwa, ana mashavu mazito na macho ya mtu asiyetaka kusikia utetezi. Anapita chini, analala ubavu, anajikuna, halafu anainuka kama hakuna kilichotokea. Labda ni mchezo.

Jumatatu, 11 Machi

Si mchezo.

Nimeamka nikakuta mapezi ya Hakimu yana vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi. Nikachukua kioo changu cha kukuzia, kile cha kazini, nikaangalia mmoja mmoja. Wale wa fedha ndio wamejaa zaidi, mpaka machoni. Wengine wamebana mapezi na kupumua haraka haraka chini kwenye kona ya pampu.

Nimepita kwa muuza samaki kabla ya kwenda kazini. Ni mtu wa kununa, anaongea na wateja huku kawapa mgongo.

"Madoa meupe," alisema kabla sijamaliza. "Uliingiza wapya bila kuwatenga?"

"Si mimi. Kaka yangu."

"Kila anayekuja hapa ana kaka." Akageuka sasa. "Sikiliza, dada. Yale madoa ni vijidudu vimejichimbia chini ya ngozi. Vikiwa humo, dawa haivipati. Vikishiba vinadondoka chini, vinazaana kwenye mawe, watoto wao wanapanda tena kutafuta samaki. Hapo ndipo dawa inapowapata, wakiwa njiani. Kwa hiyo watoe samaki wote. Wote, hata anayeonekana mzima. Waweke kwenye chombo kingine, maji ya vuguvugu, dawa, hewa. Tangi liache na maji yake na joto lake, bila hata samaki mmoja. Kidudu kikikosa samaki kitakufa njaa."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikwambie."

Jumanne, 12 Machi

Nimekuta wawili wa fedha wameelea. Nimewatoa kabla Baba hajaamka.

Jumatano, 13 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimewahamisha.

Chombo ni lile karai kubwa la plastiki la kufulia mablanketi. Nimeliweka jikoni, juu ya meza fupi karibu na sinki, kwa sababu huko ndiko kwenye soketi mbili na maji yako karibu. Nimenunua kipasha joto kingine, pampu nyingine ya hewa, na wavu mwingine. Muuza samaki kaniapisha: wavu uliogusa wagonjwa usiguse tangi, na mkono ule ule, unawe mpaka kwenye kiwiko.

Baba alikuwa ananitazama muda wote. Kila nilipoinua wavu na samaki akirukaruka ndani yake, yeye alitoa sauti kooni, sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia. Nilijaribu kumweleza. "Wanaumwa, Baba. Nawatenga wapone. Watarudi." Alifumba macho.

Wa mwisho alikuwa Hakimu. Alinipiga mkia, akanilowesha uso. Nikamfunika na sahani, nikampeleka mbio.

Alhamisi, 14 Machi

Baba hajala. Redio anasema kijiko kikifika mdomoni anageuza uso. Jioni nimejaribu mimi, yakawa yale yale. Amekaa mbele ya tangi tupu, taa inawaka, maji yanazunguka, na hakuna kinachopita humo ila mapovu.

Nikamuuliza kama nizime taa ya tangi. Baba hujibu kwa kufumba macho: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Aliendelea tu kuyatazama mapovu.

Ijumaa, 15 Machi

Bado hataki kula. Nimempigia Kaka, nikamwambia ugonjwa umetoka kwenye samaki wake.

"Una uhakika gani? Si ajabu ulibadilisha maji vibaya."

"Wako ndio walioanza kufa."

"Basi nitanunua wengine."

"Ukileta hata kidagaa kimoja hapa, nakufungia mlango!"

Akasema polepole, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Unaona? Umechoka, mdogo wangu. Samaki wamekushinda, sembuse Baba."

Nikamkatia simu. Nikaenda kupima dawa, matone yakanimwagikia mezani. Redio ndiye aliyeichukua chupa mkononi mwangu, akahesabu matone kwa sauti kama mtoto wa shule. Hakusema neno lingine. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia amenyamaza.

Jumamosi, 16 Machi

Wazo lilikuwa la Redio. "Kama mzee anawalilia samaki, na samaki wako jikoni, si na yeye ahamie jikoni?"

Nilisema jikoni kuna moshi wa mafuta, kuna kelele, kuna kila kitu daktari alichokataza. Redio akanitazama. "Mwanangu, daktari alikataza njaa pia."

Tukakisukuma kiti, yeye mbele, mimi nyuma, kikakwama kwenye kizingiti, tukakiinua na Baba ndani yake kama bwana harusi. Tumemweka kando ya karai, uso kwa maji. Nikaenda kununua mkate. Nimerudi, nimekuta bakuli la uji limekwisha.

Nimelia chooni, bomba likiwa wazi ili wasinisikie.

Jumatatu, 18 Machi

Baba anakula. Mwingine kafa, mwenye milia. Madoa ya Hakimu yamepungua, kisha yamerudi mengi. Muuza samaki anasema ndivyo yalivyo, hicho ni kizazi cha pili.

Alhamisi, 21 Machi

Kitu cha ajabu. Nimekuta Baba kalipa karai mgongo. Nilidhani Redio kamgeuza ili apate nafasi ya kupita, nikamrudisha. Baada ya muda, nikiwa nakata vitunguu, namwona anajivuta na mguu wake mzima, kidogo kidogo, kiti kinalia sakafuni, mpaka akaelekea tena kwetu, kwenye meza tunayokatia mboga. Redio alikuwa anasimulia ugomvi wa wapangaji wa ghorofani.

Labda shingo inamuuma akiinama kwenye maji.

Jumapili, 24 Machi

Mvua haina mapumziko. Nguo hazikauki, kuta zinanuka ukungu. Kaka kapiga simu mara mbili, sikupokea.

Jumatano, 27 Machi

Naandika nikiwa sijabadilisha nguo.

Asubuhi mvua ilikuja na upepo, na umeme ukakatika tukiwa kazini. Mashine zote zikazima. Nilifikiria kitu kimoja tu: pampu. Samaki wagonjwa, maji ya vuguvugu, hewa hakuna. Nikampigia Redio, simu haipatikani. Nikamwomba bosi ruhusa, akasema nimeshaomba nyingi. Nikangoja mpaka saa ya kutoka nikitazama dirisha, huku najua nikifika nitakuta karai zima linaelea matumbo juu.

Nilifungua mlango, nikasikia maji: chwaa, kimya, chwaa. Nikaingia jikoni na viatu vya matope.

Baba alikuwa ameegemea ukingo wa karai. Mkono wa kushoto umeshika kikombe cha bati. Anachota, anainua juu, anamimina. Anachota, anainua, anamimina. Shati limelowa mpaka kiunoni. Redio alikuwa upande wa pili na jagi, na jasho linamtoka.

"Nilisikia zamani ukisema maji yakimiminwa kutoka juu yanachukua hewa," alisema. "Nikaanza mwenyewe. Mzee akaninyang'anya kikombe! Nimemwambia pumzika, kanitolea jicho hilo. Tumepokezana mpaka mchana wote umekwisha."

Nikamshika Baba mkono, nikamwambia inatosha. Bega lilikuwa linaruka lenyewe kwa uchovu. Lakini uso wake! Huyu mtu alifanya kazi ya kupiga chapa maisha yake yote, kwenye mashine zinazonguruma, katikati ya watu wanaopiga kelele ili wasikilizane. Alikuwa akirudi nyumbani na wino shingoni na uso kama huo. Mimi nilikuwa nimeusahau.

Wote wako hai.

Alhamisi, 28 Machi

Umeme umerudi. Nimemwambia Redio asante. Akasema, "Asante hailiwi, niletee sukari." Nimemletea.

Jumanne, 2 Aprili

Hakimu amekufa.

Madoa yalikuwa yamekwisha mwilini, ila matamvua anayopumulia yalikuwa yameharibika. Nilimkuta asubuhi amelala chini ya karai kama mtu aliyechelewa kuamka. Sikujua nimfiche au nimwoneshe Baba. Mwishowe nikamweka kwenye sahani, nikampelekea, nikachuchumaa mbele ya kiti.

"Baba, pole. Nilijitahidi."

Akamtazama samaki. Akanitazama mimi. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanipigapiga begani, taratibu, kama anavyofanyiwa mfiwa.

Nimekwenda kazini na pole ile begani. Kuna kitu ndani yake hakijakaa sawa, nami sijui ni nini.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Baba anachambua mchele kwa mkono mmoja kwenye sinia. Polepole mno, lakini hakuna jiwe linalompita. Redio anamwambia, "Shemeji, ungekuwa na mikono miwili ningekuoa." Baba kacheka. Sauti imetoka: heh, heh, heh.

Sikuwepo. Nimesimuliwa.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuna doa jipya kwa yeyote. Waliobaki wanakula kama wamefungua mfungo.

Jumamosi, 20 Aprili

Muuza samaki alikuja mwenyewe, sikumwita, akisema alikuwa anapita. Akainama juu ya karai, akatazama, akaenda sebuleni akalitazama tangi, akashika maji. "Warudishe," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona ana meno.

Mimi nilisafisha kioo mpaka kikang'aa. Nikawarudisha mmoja mmoja, wachache, wepesi, wazima. Wakaanza kuzunguka nyumba yao ya zamani wakigusa mawe. Nilifurahi hata nikajisahau, nikawa naongea nao.

Halafu nikaenda jikoni. "Baba, twende. Wamepona. Kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa."

Nikashika mgongo wa kiti. Akaushika mguu wa meza.

Nilidhani hajanielewa. "Samaki, Baba. Wako sebuleni." Akafumba macho mara mbili. Hapana. Nikavuta kidogo. Akafumba tena mara mbili, kwa nguvu, na vidole vya mkono mzima vimekuwa vyeupe kwenye mguu wa meza.

Redio alikuwa ameinamia sufuria. Hakugeuka, akasema tu, "Mwache, mwanangu."

Jumapili, 21 Aprili

Nimewaza mchana kutwa. Baba hakukataa kula kwa ajili ya samaki. Kabla ya hapo, samaki angalau walikuwa wanatembea mbele yake. Nilipowatoa, akabaki yeye na kioo na mlango nilioufunga mimi.

Ningemuuliza. Lakini kwa miezi yote hii maswali yangu ni ya kufumba macho mara moja au mbili: una njaa, unataka maji, nizime taa. Hilo sijui nalianzia wapi.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua zinapungua. Kaka katuma ujumbe: anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na gari, na godoro nyuma.

Jumatatu, 6 Mei

Simwambii Baba. Simwambii Redio. Nimeunguza ugali, nimeunguza na sufuria.

Jumamosi, 11 Mei

Kaka alifika saa nne. Alipita sebuleni kwanza, akamkosa, akaja jikoni, akasimama mlangoni kama aliyekosea nyumba. Baba yuko mezani anachambua. Redio yuko juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasimulia, mikono hewani:

"Basi marehemu mume wangu kanunua mlango, kaubeba kichwani, upepo ukaupiga, ikabidi ausimamishe barabarani aushike kwa nyuma. Mara akatokea mlevi. Akaona mlango umesimama peke yake katikati ya njia. Akajiweka sawa, akafunga kifungo cha shati, akagonga: 'Hodi!' Na mume wangu, nyuma ya mlango ule..."

Akamwona Kaka, akakatiza. "Karibu, baba, karibu."

Kaka akasalimia. Hakukaa. Nadhani hotuba alikuwa nayo kichwani tangu alipoondoka kwake, na aliogopa akikaa itamtoka. "Baba, nimekuja kukuchukua. Kwangu kuna chumba chako, kuna nafasi, wajukuu wapo. Dada kafanya mengi, hatumlaumu. Lakini kukaa mbele ya kioo kutwa nzima, Baba..." Macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye sinia, kwenye ndoo, kwenye kiti kilichogusana na meza. Hotuba ikaanza kupoteza njia. "...si maisha," alimalizia.

Redio alikunja mikono mapajani. Mimi nilikuwa nimeshika sinki. Nilitaka kusema "asiende," na nilitaka pia kusema "una haki, mimi ndiye niliyemfungia," na sikujua nianze na lipi.

Ndipo Baba akainua uso. Hakumtazama Kaka, wala mimi. Alimtazama Redio. Mdomo ukajipinda, shingo ikasimama mishipa, kama mtu anayesukuma kabati zito.

"Ha..." alisema. "Halafu?"

Sote tulisikia. Redio aliweka kiganja mdomoni.

"Halafu?" alisema Baba tena, kwa hasira sasa, kwa sababu tulikuwa tunamchelewesha.

Redio alikuwa analia waziwazi, lakini akavuta pumzi, akainua mikono hewani kama mwanzo. "Halafu, shemeji... halafu mume wangu, nyuma ya mlango ule, akaitikia: 'Karibu ndani!'"

Baba akacheka. Kaka akakaa chini, palepale kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Nikamwendea. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi msimu mzima, na sasa nilimkuta ni kaka yangu tu, nywele zimeanza kuwa na mvi, na kola imelowa.

"Hajaniambia mimi," alisema. "Neno lake la kwanza."

"Hata mimi," nilisema.

Jumapili, 12 Mei

Kaka kalala kwetu. Asubuhi nimemuuliza Baba mbele yake: unataka kwenda? Macho mara mbili. Unataka kubaki? Mara moja. Kaka akaitika kwa kichwa. Hakubishana.

Ila godoro lilikuwa tayari nyuma ya gari, basi tukalilaza tangi juu yake. Wajukuu watafurahi. Samaki wenyewe wamepanda mbele, kwenye ndoo yenye mfuniko, kando yake. Nimemwandikia kila kitu kuhusu dawa na joto. "Na ukinunua wapya," nilimwambia dirishani, "watenge kwanza." Safari hii hakucheka.

Nimerudi jikoni. Redio hakuwapo, Jumapili huwa anakwenda kwa binti yake. Tulikuwa wawili tu, mimi na Baba, na kimya kile ambacho mimi ndiye mwenye kukitunza.

"Baba," nilimuuliza, "wale samaki, ulikuwa unawapenda?"

Akafikiri. Akainua kiganja cha kushoto, akakiyumbisha: hivi, na hivi. Kisha akaona uso wangu, akanishika mkono na kunivuta nikae.

Wingu lilikuwa limetanda, na nguo zote za wiki zilikuwa nje kwenye kamba. Nikakaa. Nikaanza kumsimulia kuhusu bosi wangu na ile lenzi iliyopasuka, vibaya, bila ufundi wowote, narudia rudia. Nilipokwama, alisema, "Halafu?"

Nguo zimelowa zote.